Uvimbe Kwenye Korodani ya Mtoto: Wahi Hospitali, Korodani Inaweza Kuokolewa

Wazazi wengi wanaogundua kwamba korodani moja ya mtoto imekuwa kubwa au ngumu kuliko nyingine huona haya kusema, au huogopa kwamba mtoto ataondolewa korodani. Ukimya huo ndio hatari. Uvimbe ukiachwa ukue, sehemu nzima ya korodani inayobaki huzidi kupungua.

Uvimbe huo ni nini?

Mara nyingi ni maji yaliyojaa kuzunguka korodani, au ni ngiri. Uvimbe unaoota ndani ya korodani yenyewe hutokea kwa nadra. Kwa watoto ambao hawajabalehe, mwingi wa uvimbe huo si saratani. Aina inayoonekana sana ni teratoma. Kwa kawaida hauumi, kwa hivyo huchelewa kugunduliwa.

Uchunguzi

Daktari huipapasa korodani, kisha huagiza picha ya ultrasaundi na kipimo cha damu kiitwacho AFP. Kiwango cha AFP kikiwa juu kinaweza kuashiria saratani. Hata hivyo, watoto wachanga huwa nacho kwa wingi kiasili, nacho hushuka katika mwaka wa kwanza. Hivyo daktari huzingatia umri wa mtoto.

Usikubali uvimbe utobolewe kwa sindano au kuchanjwa. Iwapo ni saratani, seli zake zinaweza kusambaa.

Upasuaji

Mtoto hulazwa kwa nusukaputi. Daktari hupasua kwenye kinena, si kwenye mfuko wa korodani, na kubana kwa muda mishipa ya damu. Dalili zikionyesha kwamba si saratani, huondoa uvimbe peke yake na kipande chake huchunguzwa maabarani wakati upasuaji ukiendelea. Matokeo yakithibitisha hivyo, korodani hurudishwa mahali pake. Hospitali isiyo na huduma hiyo ya maabara humpa mtoto rufaa.

Ikiwa ni saratani, au uvimbe umeimaliza korodani, korodani hiyo huondolewa yote. Hata hapo, moja iliyobaki ikiwa na afya kwa kawaida hutosha kumwezesha kubalehe na kupata watoto.

Mzazi afanye nini?

• Mkague mtoto unapomwogesha. Ukiona uvimbe, mpeleke katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, hata kama haumuumi.
• Ukipewa barua ya rufaa kwenda Karatina, Mukurweini, Othaya au Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Nyeri, nenda bila kukawia.
• Msajili mtoto chini ya bima yako ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024.
• Baada ya upasuaji, mrudishe kliniki kila tarehe uliyopewa.

Tahadhari: korodani ikianza kuuma ghafla, hasa mtoto akitapika, huenda imejisokota. Hiyo ni dharura. Mfikishe hospitalini mara moja, kwani nafasi ya kuiokoa hupungua sana baada ya saa 6.