Saundiba, Kuta na Bati: Sauti ya Kuzingira katika Nyumba za Masasi na Newala

Mtu akisimama mbele ya mojawapo ya majabali yaliyouzunguka mji wa Masasi na kupaza sauti, yamkini ataisikia sauti yake ikimrudia. Jabali likiwa umbali wa mita 170, mwangwi humfikia baada ya sekunde moja hivi, maana sauti husafiri hewani mwendo wa mita 340 na ushei kwa sekunde, nayo imekwenda na kurudi. Mtu huyo huyo akipanda hadi Newala, akasimama ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde pale panapoitwa Shimo la Mungu na kuelekeza sauti yake bondeni upande wa mto Ruvuma, hatajibiwa kwa namna ile. Mbele yake hapana ukuta. Sauti imekwenda zake. Jambo hili dogo, kwamba sauti hurudi pale tu inapokuta kitu cha kuirudisha, ndilo linaloamua kama chombo kiitwacho saundiba kitamfaa mnunuzi au kitamtia hasara.

Saundiba ni sanduku refu na jembamba linalowekwa chini ya televisheni, nalo limepangwa spika ndogo ndogo ndani yake. Mara nyingi huuzwa pamoja na sanduku la pili la sauti nzito, yaani sabufa, ingawa kwa watu wengi nchini jina la sabufa limekwisha kuwa la seti nzima ya spika. Katika wilaya za Masasi na Newala vyombo vya aina hii hununuliwa zaidi baada ya minada ya korosho kuanza mwezi wa Oktoba, malipo yanapowafikia wakulima kupitia vyama vyao vya ushirika. Fedha hiyo huja mara moja kwa mwaka na ina kazi nyingi: ada, bati, pembejeo. Anayetenga sehemu yake kwa ajili ya sinema ya nyumbani anastahili kujua ananunua nini. Maandishi ya kwenye boksi humwahidi sauti itokayo mbele, nyuma, pembeni na hata juu. Je, sanduku moja lililowekwa mbele laweza vipi kumpelekea mtu sauti ya nyuma yake?

Jibu lianze na masikio. Sauti itokayo upande wa kulia hulifikia sikio la kulia kabla ya lile la kushoto. Tofauti ni ndogo mno, haizidi sehemu saba za elfu kumi za sekunde, lakini ubongo huipima na kutambua upande. Kadhalika kichwa huizuia kidogo sauti isifike sikio la pili kwa nguvu ile ile. Mhandisi Mwingereza Alan Blumlein aliutumia ujuzi huu mwaka 1931 alipoomba hataza ya kurekodi sauti kwa njia mbili, ili sauti ya mwigizaji ionekane kutoka pale alipo mwigizaji kwenye pazia la sinema. Mwaka 1940 kampuni ya Walt Disney ilionyesha filamu ya Fantasia katika majumba machache yaliyowekewa spika nyingi. Huko spika za pembeni zilikuwa zimewekwa pembeni kweli kweli; hapakuwa na ujanja.

Saundiba ndiyo yenye ujanja. Hutupa sauti kwenye ukuta wa pembeni ili ukuta nao uitupe kwa msikilizaji, kama mpira unavyodunda. Tuseme chumba kina upana wa mita 4, saundiba imewekwa katikati, na msikilizaji ameketi mita 3 mbele yake. Sauti inayokwenda moja kwa moja hupita mita 3. Ile inayogonga ukuta kwanza hupita mita 5. Hivyo ya ukutani huchelewa kwa karibu sehemu sita za elfu za sekunde. Hapa pana kikwazo. Mwaka 1949 mwanasayansi Mjerumani Helmut Haas alionyesha kwamba sauti mbili zinazofanana zikifuatana kwa muda mfupi hivyo, sikio huziunganisha kuwa moja na kuamini kwamba imetoka kule ilikotoka ya kwanza. Kwa hiyo saundiba isiyoweza kuzuia sauti ya pembeni kuvuja mbele humfanya msikilizaji asikie kila kitu kutoka chini ya televisheni, hata kama ukuta umefanya kazi yake. Karibu na mwaka 2005 kampuni ya Yamaha ilitoa chombo chenye spika ndogo 40 zilizocheleweshwa moja baada ya nyingine kwa hesabu maalumu, hata sauti ikatoka kama mwali wa tochi na kuelekezwa ukutani. Saundiba za bei nafuu hazina spika za kutosha kwa kazi hiyo. Hujaribu kuudanganya ubongo kwa mahesabu matupu, na matokeo hutegemea sana mtu ameketi wapi.

Sasa na uangaliwe ukuta wenyewe. Ukuta wa matofali uliopigwa lipu hurudisha sauti vizuri sana. Ukuta wa udongo uliosiribwa vyema nao hurudisha. Lakini dirisha lililo wazi, lenye wavu wa mbu tu, ni Shimo la Mungu jingine: sauti hupita na kumfikia jirani. Pazia zito, kochi la kitambaa na mikeka hufyonza sauti nyembamba. Sebule ambayo upande mmoja ina ukuta na upande wa pili ina ushoroba, kama zilivyo nyingi, hudundisha sauti upande mmoja tu, na filamu husikika imelemaa.

Habari ya sauti ya juu ni nzito zaidi. Aina iitwayo Dolby Atmos, iliyoanza katika majumba ya sinema mwaka 2012, hutumia pia spika za juu. Katika saundiba spika hizo huelekezwa darini ili dari iirudishe sauti chini. Dari hiyo yapasa iwe bapa, ngumu na isiyo juu mno. Nyumba isiyo na dari, ambayo bati lake linaonekana kutoka sebuleni na limeinamia upande, hutupa sauti kule lilikoinamia, pengine kwenye ukuta wa chumba cha pili. Kumlipisha mwenye nyumba ya namna hiyo fedha za ziada kwa ajili ya spika za juu ni kumuuzia mtumbwi mtu asiye na mto.

Sauti nzito ina sheria yake. Kila mcheza sindimba anajua kwamba ngoma ndogo haiwezi kutoa mlio wa ngoma kubwa, hata ikikanzwa motoni namna gani. Spika nazo ni hivyo. Ili kutoa sauti yenye mitetemo nusu ya ile ya kwanza kwa ukali ule ule, spika haina budi kusukuma hewa mara nne zaidi, na spika yenye upana wa vidole vitatu haina nafasi hiyo. Ndiyo sababu ya kuwa na sabufa. Wimbi la sauti ya hezi 50 lina urefu wa karibu mita 7, kupita vyumba vingi, na sikio hushindwa kujua limetoka wapi. Kwa hiyo sabufa yaweza kuwekwa popote. Isiwekwe pembeni kabisa, mahali kuta mbili zinapokutana, ila kwa hiari, maana hapo huvuma kupita kiasi.

Uvumi huo si jambo la kupuuzwa, kwa sababu sauti nzito ikizidi huzifunika zilizo nyembamba, nazo ndizo zibebazo maneno. Katika Kiswahili irabu hubeba nguvu nyingi ya sauti, lakini maana mara nyingi hukaa kwenye konsonanti. Kaa, faa, saa, taa na paa hutofautiana kwa mpasuko au mvumo mfupi wa mwanzo tu, na milio kama ya f na s huwa juu ya hezi 2,000. Mzee ambaye masikio yake yameanza kuchoka hupoteza kwanza milio hiyo ya juu. Huambiwa haelewi filamu, kumbe anasikia irabu bila konsonanti. Kuongeza sauti yote hakumsaidii. Huongeza pia ngurumo inayomfunika msemaji. Kinachomsaidia ni spika ya katikati iliyo safi, sabufa iliyopunguzwa, na kitufe cha kukuza mazungumzo ikiwa chombo kinacho.

Hapo ndipo mnunuzi anapopaswa kujiuliza ni filamu gani hasa hutazamwa nyumbani kwake. Filamu nyingi za kigeni zinazopendwa vijijini na mijini ni zile zilizotafsiriwa, ambamo msimulizi husema Kiswahili juu ya picha. Derek Gaspar Mukandala, aliyefahamika kwa jina la Lufufu, aliijenga sanaa hiyo Dar es Salaam. Kenya inamfahamu DJ Afro. Msimulizi hushusha sauti ya asili, akaweka yake juu yake, na vyote vikachanganywa katika njia mbili tu au moja. Hata kama filamu ilitengenezwa kwa njia 6 au zaidi, nakala iliyo kwenye flashi haina tena habari za nyuma wala za juu. Saundiba ikionyesha kwenye kioo chake kwamba inatoa sauti ya kuzingira, inakisia. Mara nyingine ukisiaji huo humpeleka msimulizi nyuma ya kochi, na watazamaji wakageuka kumtafuta. Kwa nyumba inayotazama filamu zilizosimuliwa, taarifa ya habari na mpira, seti ya 3.1, yaani kushoto, katikati, kulia na sabufa moja, ni ununuzi wa busara kuliko 5.1.2 ya bei mara mbili. Anayetaka kweli sauti ya nyuma, na mwenye filamu zilizo nayo, atafute seti yenye spika mbili za nyuma za kuweka nyuma ya kochi. Hizo hazihitaji kuta wala dari.

Namba za wati zilizoandikwa kwa herufi kubwa zisimbabaishe mtu. Nyuma ya chombo, au kwenye adapta yake, huandikwa wati kinazovuta kutoka kwenye umeme. Chombo kinachovuta wati 60 hakiwezi kutoa wati 1,000 za sauti mfululizo; nguvu haizaliwi ndani ya sanduku. Isitoshe, kuongeza wati mara mbili huongeza desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio huiona ndogo. Ili sauti ionekane imekua maradufu huhitajika wati mara kumi hivi.

Anayeshuka kutoka Newala kwenda kununua Masasi achukue flashi yenye filamu anayoijua neno kwa neno. Dukani aombe vyombo viwili vipigwe kwa ukali sawa, kwa kuwa chenye kelele zaidi huonekana bora hata kisipokuwa bora. Asikilize mazungumzo kwanza, milipuko baadaye. Afumbe macho na kunyoosha kidole kule sauti inakotoka, kisha ahame kiti na kurudia. Akumbuke kuwa duka lililojaa maboksi si sebule yake. Akubaliane na muuzaji juu ya kurudisha. Nyumbani apige makofi mara moja katikati ya chumba kitupu: kikilia kwa ukali, mkeka na pazia vitasaidia kuliko kitufe chochote. Usiku wa mvua kubwa juu ya bati lisilo na dari, hakuna saundiba itakayoshinda, na dari ya kawaida ingeleta faida kubwa zaidi.

Kuhusu nyaya, ule wa HDMI ukichomekwa kwenye tundu lililoandikwa ARC hupeleka sauti ya njia nyingi kutoka kwenye televisheni. Bluetooth kwa kawaida hupeleka njia mbili tu. Umeme unapoyumba, kidhibiti cha umeme ni cha lazima, na radi zikianza chomoa plagi. Mkulima wa korosho asisahau pia kwamba salfa ya kupulizia mikorosho dhidi ya ubwiri unga huifanya shaba na fedha iliyo kwenye viunganishi kuwa nyeusi. Mifuko yake isihifadhiwe katika chumba chenye televisheni na saundiba.