Dubu wa Nandi na Ajnabi wa Njiani

Katika mwaka wa 2024 liliulizwa katika mitandao ya dunia swali moja la kufikirika, nalo likaenea upesi kupita maswali mengi yenye uzito kulizidi: mwanamke aliye peke yake mwituni, je, ni heri kwake akutane na dubu, au akutane na mwanamume asiyemjua? Wanawake wengi walijibu pasi na kusita kwamba ni heri dubu. Wanaume wengi wakaghadhibika. Na wajuzi wa hesabu wakaingia kati, wakitaka kutia mizanini jambo ambalo waliojibu walilisema kwa uchungu wala si kwa hesabu. Ukililetea swali hilo Kamukuywa, penye soko lililokaa kando ya barabara kuu itokayo Webuye kwenda Kitale, kasoro yake ya kwanza hujitokeza papo hapo, kwani huku hakuna dubu.

Si Kamukuywa tu. Katika jinsi 8 za dubu zilizobaki duniani, hata moja haiishi Afrika leo. Waliokuwapo kaskazini, katika milima ya Atlas, walitoweka katika karne ya 19. Na kusini ya Sahara inatubidi turudi nyuma miaka kama milioni 5, zama za mnyama mkubwa aitwaye Agriotherium, ambaye mifupa yake imechimbuliwa Langebaanweg, Afrika ya Kusini, ndipo tupate dubu wa kweli wa bara hili.

Hata hivyo nchi hii ya magharibi ya Kenya ina dubu wake, dubu wa Nandi, naye ana sifa kuliko wengi walio hai. Majirani Wanandi humwita chemosit, na A. C. Hollis, aliyeandika kitabu juu ya Wanandi mwaka wa 1909, alimweleza kuwa ni shetani aliye nusu mtu na nusu ndege, mwenye mguu mmoja na matako tisa, ambaye kinywa chake chekundu hung'aa usiku mithili ya taa. Hapo hakuna dubu hata kidogo. Dubu alizaliwa katika macho ya wageni wa Kizungu, nao walipokuwa wakivuka nyanda za Uasin Gishu waliona kiumbe wasichoweza kukitambua, wakakivika jina la mnyama waliyemzoea katika bustani za kwao. Mmoja wao, Geoffrey Williams, alisimulia kwamba karibu na mlima wa Sirgoit alimwona mnyama ameketi kitako kama dubu wa bustani, kimo chake kama futi 5 akiwa ameketi, kisha akajiinamisha akaondoka kwa mwendo wa upande upande kuelekea majabalini. Bwana Williams akampiga risasi, akamkosa, na mnyama akasimama akageuza kichwa kumtazama. Habari hiyo ilichapishwa mwaka wa 1912 katika jarida la chama cha elimu ya viumbe cha Afrika ya Mashariki na Uganda, na baada yake zikafuata nyingine, hata za wajenzi wa reli ya Magadi.

Aliyejitaabisha kuzikusanya habari hizo ni C. W. Hobley, na hapa msomaji wa Kamukuywa ana haki ya kutua kidogo. Huyo Hobley ndiye aliyekuwa mwakilishi wa serikali ya Kiingereza pale Mumias, na mwaka wa 1895 alikuwa miongoni mwa walioongoza majeshi yaliyozivunja ngome za Wabukusu za Lumboka na Chetambe, ngome za udongo zilizozungushiwa mahandaki, ambazo wazee hawakuzijenga kwa khofu ya fisi wala ya chemosit, bali kwa khofu ya watu. Wabukusu wengi waliuawa katika vita hivyo. Basi bwana aliyekuja kuandika, kwa utulivu na kwa insafu ya mtaalamu, juu ya mnyama wa kutisha aliyejificha nyikani, kwa watu wa hapa alikuwa mwenyewe ajnabi wa kuogopwa, tena mwenye bunduki; wala sioni katika habari zote za dubu wa Nandi kisa kinachoelekea kutujibu swali letu kuliko hiki.

Amma mnyama mwenyewe, wataalamu walimtafutia asili kwa bidii. Wako waliosema ni masalia ya kalikotheri, mnyama wa kale mwenye kucha na mgongo ulioteremka. Wako waliosema ni nyegere mzee aliyeingia weusi mwili mzima. Lakini ngozi ilipopelekwa London kuwa ndiyo ithbati, ilionekana ni ya fisi, na dhana hiyo ndiyo inayoniridhisha. Fisi madoadoa ana mabega yaliyoinuka na kiuno kilichoshuka, mwendo wake ni wa kuchechemea, taya zake huvunja mfupa, na usiku humwendea aliyelala nje. Mtu aliyemwona kwa mbali, jua likizama, na tayari amekwisha kutishwa kwa hadithi, hana sababu ya kukosa kumwona dubu.

Na dubu wa kweli, je? Watafiti waliohesabu mashambulio ya dubu wa kahawia duniani tangu 2000 hadi 2015 walipata 664, na waliouawa walikuwa 95. Karibu nusu ya mashambulio yalifanywa na majike wenye watoto. Idadi hiyo ni ndogo, na wenye kumtetea dubu hupenda kuishika hapo, wasikumbuke kwamba mtu mmoja huonana na dubu labda mara moja maishani, au asimwone kamwe, ilhali mama auzaye mboga sokoni Kamukuywa hupishana na wageni mia kabla ya adhuhuri, akapanda matatu pamoja nao, akapakiwa na mwendesha boda asiyemjua jina, akafika kwake salama. Ajnabi mmoja mmoja, kwa hesabu, si wa kuogopwa sana.

Lakini swali lenyewe lilikosea mlango. Kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa, wanawake na wasichana 85,000 waliuawa kwa makusudi duniani mwaka wa 2023, na 51,100 kati yao waliuawa na wenzi wao au jamaa zao. Uchunguzi wa afya na idadi ya watu wa Kenya wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 34 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamepata kupigwa au kuumizwa tangu walipofika miaka 15. Na kaunti iliyoongoza, kwa asilimia 62, ni Bungoma, hii hii yetu. Waliotajwa zaidi kuwa watendaji ni waume, wa sasa na wa zamani.

Sheria ya wanyamapori ya Kenya ya 2013 huwapa jamaa za mtu aliyeuawa na fisi haki ya kudai fidia ya shilingi milioni 5, nayo imewataja pia simba, chui, mamba na hata papa. Aliyeumizwa nyumbani ana sheria yake, ya 2015, imruhusuyo kumwomba hakimu amri ya kumkinga na mtu anayekula naye sahani moja. Na kuiomba amri hiyo hakumgojei mpaka aumizwe tena.