Masika yakija, pikipiki ya nyumba yako itavaa nini?

Ndugu msomaji, ikiwa nyumba yako iko Mgololo, au kokote katika vilima vya Mufindi, Njombe na Rungwe, waijua vyema ile siku ya mwanzo wa mvua ambapo barabara uliyoipita jana kwa vumbi hugeuka sabuni. Tangu hapo hadi mvua ziishe, kila jambo la nyumbani hupimwa kwa utelezi. Majani ya chai yaliyochumwa asubuhi hayana budi kufika kiwandani yangali mabichi. Maziwa hayangoji. Mbao za msindano zaweza kungoja, lakini mtoto mwenye homa kali saa nane za usiku hawezi. Kwa nyumba nyingi za huko chombo cha safari hiyo ni pikipiki, iwe ya baba mwenyewe au ya kijana wa bodaboda wa jirani. Na kati ya chombo hicho na ardhi pana kipande cha mpira kisichozidi upana wa kiganja.

Wanunuzi huuliza sana habari za injini na mafuta. Habari za mpira huulizwa mtu akiwa ameshaanguka.

Kabla ya kwenda dukani, yafaa ujiulize swali moja: chini ya utelezi wa njia yangu kuna nini? Maana utelezi ni wa namna mbili. Kuna ule wa juu, yaani ngozi nyembamba ya udongo mwekundu uliolowa, na chini yake ardhi iliyoshindiliwa ikiwa ngumu. Na kuna tope lenye kina, lile la mabondeni na la njia za msituni ambako malori ya magogo yamepita mara nyingi mpaka ardhi ikakosa mfupa. Utelezi wa kwanza hushindwa na kitu chembamba chenye makali, kinachopasua ngozi ile na kuishika ardhi ngumu. Wa pili hauna cha kushika huko chini; unahitaji meno marefu yaliyoachana, ya kusukuma tope kama kasia linavyosukuma maji.

Tairi la lami, lenye mifereji myembamba, halifai kwa lolote kati ya haya mawili. Udongo wa mfinyanzi hujaa katika mifereji hiyo, na baada ya hatua chache tairi jipya kabisa huwa kipara. Tairi la meno, likichaguliwa vizuri, hujisafisha: gurudumu linapozunguka, tope hurushwa nje. Ukiwa dukani, ingiza kidole chako katikati ya meno mawili. Kisipopita, udongo wa Mufindi utaingia na hautatoka.

Lakini usishawishike kununua meno marefu kuliko yote kwa sababu tu yanatisha. Juu ya lami meno hayo hugusa barabara kwa sehemu ndogo, hivyo breki hukawia kushika, pikipiki huyumba kwenye kona, na mpira huisha upesi. Kijana ashindaye kwenye barabara kuu ya Mafinga na kupanda kijijini jioni tu, heri achukue tairi la mchanganyiko, lenye meno yaliyokaribiana katikati na yaliyoachana pembeni. Na ikiwa fedha zatosha tairi moja tu? Wengi hukimbilia la nyuma, kwa kuwa ndilo lisukumalo. Mimi ningeanza na la mbele. Gurudumu la nyuma likiteleza, mara nyingi waweza kuliokoa. La mbele likiteleza, mama na mtoto aliyempakata wako chini kabla hujasema lolote.

Soma pia ubavu wa tairi. Maandishi kama 3.00-18 maana yake ni upana wa inchi 3 na rimu ya inchi 18; mishale huonyesha upande wa kuzunguka; na tarakimu nne za mwisho katika mstari wenye herufi DOT hutaja wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa mfano 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira uliokaa miaka mingi juani mlangoni mwa duka hukakamaa hata kama meno yake hayajaguswa. Kupunguza upepo kidogo husaidia kwenye tope, kwa kuwa tairi hutandaa. Ukizidisha, tairi la tyubu huweza kuzunguka juu ya rimu na kung'oa valvu. Chukua pampu, ujaze tena kabla ya kufika lami.

Sasa minyororo. Mmarekani Harry Weed aliandikisha haki ya ubunifu wa minyororo ya matairi mwaka 1904, baada ya kuona madereva wakizungushia kamba kwenye magurudumu yao. Hata leo waendesha bodaboda wa milimani hufunga mnyororo kwenye gurudumu la nyuma wakati wa mvua, nao hawakosei, maadamu utelezi ni ule wa juu. Katika tope lenye kina mnyororo huchimba tu, na pikipiki hujizika yenyewe.

Wenzetu wa nchi za baridi wamelijua jambo hili kwa njia ya uchungu. Huko Valcourt, katika jimbo la Quebec nchini Kanada, fundi Joseph-Armand Bombardier alifiwa na mwanawe wa miaka miwili mwaka 1934, kwa kuwa theluji iliziba njia ya kumfikisha hospitali. Mwaka 1937 alipata hataza ya mfumo wake wa kuendesha mkanda wa mpira unaozunguka chini ya gari, na mwaka 1959 kiwanda chake kikatoa pikipiki ya theluji, Ski-Doo. Wenye vyombo hivyo hadi leo huchagua kama tuchaguavyo sisi: mkanda wa meno mafupi kwa njia iliyoshindiliwa, wa meno marefu kwa theluji yenye kina, na njumu za chuma kwa barafu tu, kwa sababu ndani ya theluji laini njumu hazina cha kushika.

Huenda utauliza kwa nini basi sisi tusivae mikanda hiyo. Tanganyika iliwahi kuiona. Katika mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951, vifaru vya vita vya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta, na mpango ukashindwa pamoja na minyororo yake yote. Mikanda ni ya tingatinga: hula fedha na mafuta, huenda polepole na huchimbua barabara ya wote.

Ukifunga mnyororo, hakikisha haugusi mkono wa gurudumu, bangokiti wala fimbo ya breki. Simama baada ya mita mia chache uukaze tena, uende mwendo wa mtu anayekimbia taratibu, nawe ufungue mara ufikapo lami. Abiria awe mmoja; mishikaki haifai siku ya tope. Utundike mnyororo mahali panapofikika gizani, na mumfundishe kuufunga mama wa nyumba na kijana mkubwa, mchana, kungali kukavu, kwani baba huenda asiwepo usiku utakapohitajika.