Wajenzi Wasioonekana kwa Macho

Kuta za nyumba za kale za Lamu na Mombasa zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Mawe hayo ni kazi ya wanyama wadogo wa baharini. Leo tungependa kuwasimulia wasomaji wetu, hasa akina mama wasioisha kuulizwa maswali na watoto, habari za wajenzi wadogo na wa kale zaidi kuliko hao.

Wajenzi hao ni bakteria, na kazi yao yaonekana hadi leo Hamelin Pool, katika ghuba ya Shark Bay, magharibi mwa Australia. Maji ya hapo yana chumvi takriban maradufu ya bahari ya kawaida, hivyo konokono ambao wangewala hawastawi. Bakteria hutanda juu ya mchanga kama mkeka wenye kunata, wakijipatia chakula kwa mwanga wa jua. Chembe za mchanga na chokaa hunasa juu yao. Nao, wakiutafuta mwanga, hupanda na kutanda upya. Tabaka juu ya tabaka, hutokea nguzo ya jiwe iitwayo stromatoliti. Haikui zaidi ya nusu milimita kwa mwaka. Basi nguzo ya nusu mita yataka miaka 1,000 au zaidi.

Kaskazini zaidi, katika eneo la Pilbara, mna miamba ya jamii ya chokaa yenye umri wa takriban miaka bilioni 3.4. Ndani yake mna maumbo ya ajabu: mengine mfano wa pia, mengine mfano wa trei ya mayai. Wataalamu walibishana: je, ni athari ya viumbe hai, au ya maji na kemikali tu? Mwaka 2006 Abigail Allwood na wenzake walieleza aina saba za maumbo hayo, wakahoji kwamba wingi na mpangilio wake waelekeza kwenye uhai.

Lakini turudi Hamelin Pool. Zamani mikokoteni iliyobeba sufu kuelekea vyomboni ilipita juu ya mikeka hiyo. Mikokoteni imekwisha zamani. Alama za magurudumu zingalipo.

Hapo ndipo penye funzo. Maji yakipwa, watoto wetu hukimbilia miambani, na mguu mmoja huvunja tumbawe lililokua kwa miaka mingi. Tuwafundishe kutazama wanapokanyaga. Mjenzi aweza kuwa mdogo asionekane, lakini pengo la kazi yake litaonekana na wajukuu.