Kombe Chini ya Hadubini

Mtu ateremkaye kutoka milima ya Umatengo, akaiacha Mbinga nyuma yake hata akafika Mbamba Bay, aonapo mafungu ya mizizi, maganda na majani makavu yauzwayo kwa dawa, hana dalili ya kushika ila kauli ya muuzaji.

Hatari yake si ya kudhaniwa, maana nchi za Nyasa na Zambezi ndizo asili ya sumu ya mishale iitwayo kombe, itokanayo na mmea wa jina hilo. Daktari John Kirk, ambaye baadaye alikuwa balozi wa Uingereza Unguja zama za Sayyid Barghash, alikuwa katika msafara wa Livingstone uliofika Nyasa mwaka 1859. Na katika safari zile mswaki wa Kirk ulikaa mfuko mmoja na sumu hiyo, naye alipoutumia akaonja uchungu, kisha mapigo ya moyo yakapungua. Mtaalamu Fraser wa Edinburgh akatoa katika kombe strofanthini, dawa ya moyo ambayo kipimo kikizidi kidogo huua.

Basi ili kuutambua mti kwa hadubini, shina kavu hulowekwa, likakatwa kwa wembe kipande chembamba hata nuru ikapenya, kikatiwa floroglusini na asidi ya hidrokloriki. Papo hapo mishipa ya maji, iliyo migumu, hugeuka myekundu. Mishipa ya chakula, ambayo katika mimea mingi hukaa nje ya ile ya maji tu, katika jamii ya kombe hukaa na ndani pia, kandokando ya kiini cha shina, pamoja na mirija ya utomvu. Jani nalo, hata likisagwa, husaliwa na vinyweleo vyake, na vitundu vya hewa pamoja na seli zilizovizunguka.

Lakini mtaalamu asijigambe, kwani shina hutaja ukoo, halimtaji mtu: mtandamboo, ambao watoto hula matunda yake, ni wa jamii hiyo hiyo, na oleanda ya bustanini, iliyo sumu, vilevile. Mbegu ya kombe ndiyo hukata shauri, kwa nywele zake laini zilizolala zikielekea nchani, na kwa rangi ya kijani itokeayo iguswapo na asidi ya salfuriki kali.

Kwa hiyo, ewe msomaji, ukitaka mti wako utambuliwe, usilete unga. Lete tawi lenye majani, na tunda likiwapo.