Ukijuliwa Hali na Mtathmini

Katika malezi yetu ya pwani, mtu akijuliwa hali huhimidi kwanza. Hata aliyekesha kwa maumivu ya mgongo, jirani akimwuliza asubuhi ameamkaje, hujibu alhamdulillahi na kugeuza mazungumzo, kwa kuwa kuyaanika maradhi mbele za watu huhesabiwa kuwa ni kukosa haya. Adabu hii ni njema barazani, lakini huwaponza wengi wa ndugu zetu wakaao Uingereza siku wanapoitwa kutathminiwa kwa ajili ya malipo ya ulemavu, maana huko asiyesema alilonalo huandikwa kuwa hanalo.

Malipo hayo, yaitwayo PIP, yalianza mwaka 2013, nayo huombwa na mtu aliyetimia miaka 16 na ambaye hajafikia umri wa pensheni, awe ana kazi au hana, awe na akiba au mkono mtupu, kwani kinachopimwa si ufukara. (Scotland sasa ina malipo yake yenyewe, ila vipimo vyake havikupishana sana na hivi.) Mgeni ambaye kibali chake cha ukaazi kinamkataza fedha za umma asithubutu kuomba kabla ya kupata shauri la mwanasheria, kwa maana ombi lenyewe laweza kumharibia ukaazi.

Aghalabu watu hudhani kwamba jina la ugonjwa likiwa zito, hoja imekwisha. Sivyo hata kidogo. Kinachotazamwa ni taathira ya ugonjwa katika shughuli 12, kumi za maisha ya kila siku, kama kupika, kuoga na kuvaa, na mbili za mwendo; kila shughuli ina alama zake, na mwenye kupata alama 8 katika fungu moja hupewa malipo ya kawaida ya fungu hilo, na mwenye 12 hupewa ya juu. Tena ipo kanuni ambayo laiti kila mwombaji angeihifadhi: mtu hahesabiwi kuwa aweza jambo ila aweze kulitenda kwa salama, kwa namna ya kuridhisha, kila linapohitajika, na kwa muda usiozidi maradufu ya ule autumiao asiye na ulemavu.

Chukua mama mwenye baridi yabisi ya viganja. Aulizwa, “Unapika?” Naye hujibu, “Napika,” wala hasemi uongo. Lakini ungemfuata jikoni ungemkuta ameketi kitini mbele ya jiko, vitunguu vilikatwa na binti yake kabla hajaenda shule, sufuria hujazwa maji kwa kikombe kimoja kimoja kwa kuwa ikijaa hawezi kuinyanyua, na juzi ilimponyoka akaungua mguu. Na wali ukishaiva, yeye hujilaza hata alasiri. Jibu la sawa ni hayo yote, pamoja na idadi ya siku katika juma ambazo hata hayo hayawezekani, kwa sababu kipimo hufuata hali ya zaidi ya nusu ya siku zote. Sisemi mtu atie chumvi, nasema asipunguze.

Basi maandalizi yaanze tangu fomu inapofika, ambayo hurejeshwa ndani ya mwezi mmoja. Mtu aandike daftarini, siku hata siku, aliloshindwa na aliyemsaidia. Akusanye barua za matabibu na orodha ya dawa. Na abaki na nakala ya fomu, aisome tena usiku wa kuamkia miadi. Mkalimani aombwe mapema, asifanywe mtoto wa nyumbani, kwani ni mama gani atamtajia mwanawe habari za msalani? Ndugu au rafiki aruhusiwa kuhudhuria, na mazungumzo yaweza kurekodiwa yakiombwa kabla.

Mtathmini ni muuguzi au mtaalamu mwingine wa afya, mwajiriwa wa kampuni iliyopewa kazi hiyo na Wizara ya Kazi na Pensheni. Huuliza umekujaje, nani amekuleta, wapenda kutazama nini jioni. Yaonekana ni soga, kumbe yaandikwa, kama unavyoandikwa mwendo wako kutoka chumba cha kungojea na namna ulivyouokota mkoba. Wazee wetu hupenda kwenda mbele ya serikali wamenyoosha kanzu. Si vibaya, ila waseme ni nani aliyewafunga vifungo.

Hata hivyo mtathmini haamui. Huandika ripoti, na uamuzi hutolewa na ofisa wa Wizara. Aliyenyimwa ana mwezi mmoja wa kuomba uamuzi uangaliwe upya, nayo ripoti aweza kuitaka aone palipopotoka. Akikataliwa tena, ana mwezi mwingine wa kukata rufaa bila ada, mbele ya baraza lisilo chini ya Wizara, lenye hakimu, tabibu na mjuzi wa mambo ya ulemavu. Na katika kesi za PIP zilizosikilizwa huko miaka ya karibuni, zaidi ya nusu zimeamuliwa kwa upande wa mwombaji.