"Injinia, Nizidishe kwa Ngapi?"

Swali limekuja tena wiki hii, saa nne usiku, pamoja na picha ya skrini. "Injinia, bodi yangu inaonyesha ampea 6, mita inaonyesha 4. Nizidishe kwa ngapi?" Kabla sijavaa miwani, ujumbe wa pili ukaingia: "Usijali, nimezidisha kwa 0.667, imekubali."

Haijakubali, ila nilikuwa nimechoka, nikalala.

Kijana huyu anafunga bodi za telemetri kwenye pikipiki za umeme. Kigali tunazo nyingi sasa. Za kwanza za abiria zilianza kukatiza mitaa yetu mwaka 2019, na tangu Januari 2025 pikipiki mpya ya abiria inayosajiliwa jijini lazima iwe ya umeme. Ndiyo maana kila mwenye chuma cha kulehemu kuanzia Nyamirambo hadi Kimironko ana kiboksi chake cha plastiki chini ya kiti: ESP32, modemu ya laini ya simu, na kihisi cha mkondo aina ya ACS712 cha ampea 30. Kiboksi kinatakiwa kumwambia mwenye pikipiki betri imetoa umeme kiasi gani. Na kila kiboksi kinachosema uongo huletwa kwangu na swali lilelile, kana kwamba mahali fulani nimeficha daftari la namba za kuzidishia.

Asubuhi nilimwambia afanye jambo moja tu: achomoe waya wa betri kwenye kihisi, aache vingine vyote vikiwaka, anitumie usomaji. Ikaja 2. Waya uko mezani, mkondo haupo, na bodi inasoma ampea 2.

Sasa turudi kwenye 0.667 yake. Nakata desimali ili hesabu ionekane. Mkondo halisi ukiwa 4, bodi inasema 6. Ukizidisha unapata 4, na kijana anapiga picha ya skrini kwa furaha. Mkondo ukiwa 10, pikipiki inapanda mlima, bodi inasema 12. Ukizidisha unapata 8. Pikipiki ikiwa imezimwa, bodi inasema 2. Ukizidisha unapata 1.3. Hiyo 1.3 ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu hailali. Pikipiki ikipumzika saa 10 za usiku, ampea-saa 13 zimeliwa kwenye simu ya mwenye mali bila gurudumu kuzunguka. Namjua mwenye pikipiki aliyemshuku motari wake kwamba anapiga kazi za usiku kwa siri. Maskini alikuwa amelala kwake.

Kosa lililojumlishwa haliondoki kwa kuzidisha. Mizani ya nyanya ikiwa na jiwe lililosahauliwa kwenye sahani, hakuna muuzaji atakayekokotoa asilimia ya kupunguza kila kilo. Ataondoa jiwe. Lakini mtu huyohuyo ukimpa kihisi cha mkondo anageuka mtaalamu wa asilimia.

Dawa nyingine za mitaani nazifahamu, maana zote zimepita mezani kwangu. Kuna ya kuchukua wastani wa visomo 1,000: hiyo inatuliza namba inayochezacheza, na ukimaliza unabaki na ampea 2 zilizotulia. Kuna ya kuiambia programu ijiwekee sifuri yenyewe kila inapowashwa. Inafanya kazi vizuri mpaka siku bodi itakapojiwasha upya taa ya mbele ikiwa inawaka, na tangu hapo mkondo wa taa ndio sifuri. Kuna ya kunakili namba ya mtu mwingine kutoka mtandaoni: mara 0.185, ambayo ni ya kihisi cha ampea 5, inawekwa kwenye kile cha ampea 30 ambacho namba yake ni 0.066. Na kuna bwana mmoja aliyenieleza, bila kucheka, kwamba vihisi hivi vimepimwa usawa wa bahari na Kigali tuko juu mno. Nilimuuliza kama rula yake nayo hufupika akipanda kutoka Dar es Salaam.

Jiwe lenyewe liko wapi? ACS712 haina sifuri ya kudumu. Pasipo mkondo inatoa nusu ya umeme unaoilisha: ukiilisha volti 5 kamili, inatoa 2.5. Programu ya kijana imeandikwa 2.5 kana kwamba ni agano. Nilipoweka mita kwenye mguu wa 5 V wa bodi yake nikakuta 4.74. Nusu yake ni 2.37. Pengo ni volti 0.13, na kihisi hiki kinahesabu volti 0.066 kwa kila ampea. Gawanya mwenyewe.

Kibaya zaidi kilikuwa hakionekani kwenye mita. Modemu za aina ile, zinapotuma, hunywa mikupuo inayofika ampea 2, na mita ya kawaida ni ya polepole mno kuiona. Niliweka osiloskopu. Kila modemu ilipoamka, ule mstari wa volti 5 ulichimba shimo hadi karibu 4.5, kisha ukapanda. Kwenye shimo hilo sifuri inakuwa 2.25 na bodi inaapa kuna ampea karibu 4. Bodi ilikuwa inapima betri wakati uleule inapotuma taarifa, kwa hiyo kila taarifa iliyofika kwa mwenye mali ilipimwa katika sekunde mbaya kuliko zote. Kijana alikaa kimya akiangalia lile shimo. Halafu akaniuliza, wallahi, kama kuna namba ya kuzidishia.

"Lakini kwenye Arduino Uno kilikuwa sawa!" Hilo hufuata daima, na ndilo linalowafanya watu watukane ESP32 au muuza vihisi. Kwenye Uno, usipobadilisha mipangilio, kipimo cha ndani hutumia ile 5 V kama rula, na kihisi nacho kinalishwa na ile 5 V. Volti zikishuka, rula na kitambaa vinafupika pamoja. Kosa linajifuta bila wewe kujua. ESP32 inapimia rula yake ya ndani, ambayo haishuki na 5 V, basi uchafu wote wa umeme wako unaonekana. Na ole wake aliyesoma mahali kwamba apime volti halisi ya Uno aiandike kwenye programu huku akiacha sifuri kwenye 2.5: amechukua kosa lililokuwa limejifuta akalirudisha kwa mkono.

Jambo jingine dogo. Kihisi hiki hufanya kazi kwa kunusa usumaku. Ukiweka kishikilia simu chenye sumaku juu ya kiboksi, au ukipitisha waya mnene wa mota kando yake, kitanusa hivyo pia. Jaribu ukiwa umechomoa waya: sogeza sumaku, tazama namba ikikimbia.

Haya, la kufanya, kwa haraka maana nafasi inaisha. Kilishe kihisi kwa rigileta yake peke yake, mbali na modemu. Modemu ipe kapasita kubwa miguuni pake, maikrofaradi 1,000 si nyingi, na waya mnene. Amuru programu isome mkondo kwanza, itume baadaye. Kama huwezi kutenganisha umeme, ipime ile 5 V kwa rizista mbili kwenye mguu mwingine wa ESP32 na ugawanye kwayo, badala ya kuamini 2.5. Na matokeo ya kihisi yenyewe yanaweza kufika volti 4.5, hivyo yapitishe kwenye rizista mbili kabla hayajaichoma ESP32 inayostahimili 3.3.

Baada ya hapo ndipo unasawazisha: sifuri waya ukiwa umechomolewa na kila kitu kingine kikiwaka, kisha mizigo miwili unayoijua, mmoja mdogo na mmoja mkubwa. Balbu za taa za gari za wati 55 zinatosha. Kwenye volti 12 moja inakula karibu ampea 4.6, mbili sambamba maradufu. Chora mstari kupitia nukta zote tatu, ondoa sifuri kwanza, halafu zidisha. Rudia saa nane mchana kiboksi kikiwa cha moto. Mita ya kulinganishia iwe ya kweli: zile za kukamatia waya za bei ndogo nyingi hupima AC tu, na kwenye betri zitakuonyesha sifuri tupu.

Kama bado unanunua vifaa, kwa betri achana na ACS712. Chukua shanti ya ampea 50 yenye milivolti 75, na chipu ya INA226 ya kuisoma. Sifuri yake inapotoka kwa maikrovolti 10 tu, yaani chini ya miliampea 7 kwenye shanti hiyo. Iweke upande wa hasi: INA226 inavumilia volti 36, na pikipiki ya volti 60 au 72 itaigeuza moshi.

Ukiniandikia, nitumie kwanza usomaji wa waya uliochomolewa, na volti zilizo kwenye mguu wa 5 V modemu ikiwa inatuma. Picha za skrini zenye ampea 6 ninazo za kutosha.